Vasco da Gama Hakugundua Malindi. Aliomba Lifti.

Wasee wa Malindi, na nyinyi mnaoshuka wikendi kutoka Nairobi, leo nina neno na ile nguzo yetu. Mnaijua: nyeupe, msalaba juu, bahari nyuma, upepo unachezea deraa. Kila mtu ana picha pale. Hata mimi. Video yangu ya kwanza kupata watazamaji niliipiga pale, nikapaza sauti: "Hapa ndipo Vasco da Gama alipoigundua Malindi, 1498!"

Mzee mmoja mvuvi alikuwa karibu anashona wavu. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo mgeni alipofika alimkuta nani?"

"Sultani, babu."

"Basi nani alimgundua mwenzake?"

Nikacheka. Halafu nikairusha TikTok vilevile. Aibu hiyo ninayo mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Tuseme ukweli basi. Aprili 1498 Vasco alitia nanga hapa akiwa hajui njia ya kuvuka kwenda India. Malindi waliijua. Bandarini alikuta vyombo vya wafanyabiashara kutoka India vimeshatangulia! Alichotaka ni rubani. (Ndiyo, rubani. Neno hilo lilikuwa la baharini kabla ya ndege kuzaliwa.) Tena hakusubiri kwa adabu: alimzuilia mtumishi wa sultani melini mpaka rubani akaletwa. Sultani naye alikuwa na hesabu zake, maana yeye na Mombasa hawakuwa wanaiva chungu kimoja.

Na huyo rubani wetu, na pepo za kusi zinaanza, walivuka kwa siku kama 23 hivi. Kurudi je? Vasco aliondoka India bila kungoja kaskazi. Safari ikamla karibu miezi mitatu, na watu wake kama thelathini wakafa njiani. Januari 1499 walirudi Malindi hoi, wagonjwa wakililia machungwa, na sultani akawapa. Kumbukumbu ya safari yao wenyewe inasema ndipo Vasco alipoomba nguzo isimamishwe, ishara ya urafiki. Miaka sita baadaye, 1505, Wareno waliichoma Mombasa.

Kwa hivyo ile nguzo ni risiti. Risiti ya msaada aliopewa mtu aliyepotea. Na rubani mwenyewe? Mwandishi mmoja wa Kireno anasema alikuwa Mgujarati. Wengine humtaja Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Uarabuni, lakini wanahistoria wengi wamelikataa hilo. Aliyeomba njia ana nguzo. Aliyeijua njia tunabishania hata jina lake.

Najua mtakavyonijia: "Wewe, acha nguzo yetu, ndiyo inatulisha." Sawa. Ndugu zangu wanaoongoza watalii, wenye tuktuk, wauza madafu, nawaheshimu. Sisemi ibomolewe. Nasema hadithi tunayoiuza pale inatutia hasara. Mgeni akiambiwa "Vasco aligundua", amemaliza. Picha mbili, dakika kumi, huyoo kwenye tuktuk. Hana swali la kuuliza.

Halafu angalia inavyoua vivutio vingine. Ukishasema Malindi ilianza 1498, Gede inageuka kuwa kuta za zamani na nyani. Wakati Gede, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ilikuwa mji wa mawe karne kadhaa kabla ya Vasco, na msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima, vyoo ndani ya nyumba, na vyombo vya kauri vya China. UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Twiga! Miaka 83 kabla ya "kugunduliwa". Umewahi kumwona nani akiweka hiyo kwenye video ya Malindi?

Kinachoniuma zaidi ni sisi vijana. Tumekulia hapa tukiamini mji wetu uliamka siku mzungu alipotia nanga. Ndiyo maana hata leo wengi wetu tumekaa ufukweni tunangoja mgeni mwingine aje atugundue.

Kwa hivyo hivi. Ukimpeleka mgeni pale nguzoni, anza na rubani. Mwambie kuhusu kusi na kaskazi, mwambie kuhusu machungwa. Kisha mwambie, "Kesho twende Gede, nikuonyeshe waliompokea walikuwa wanaishije." Hiyo ni siku ya pili. Ni chakula cha pili, tuktuk ya pili, pesa inayobaki hapa.

Mimi naanza kwangu. Ile video ya zamani nimeifuta, pamoja na watazamaji wake wote. Wiki hii narudi na simu yangu kurekodi upya, na nikimkuta yule mzee na wavu wake, akikubali, yeye ndiye atakayezungumza.