Majina Juu ya Karatasi za Utafiti Yanamhusu Mgonjwa Pia

Huenda ukashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia kemia ya metali na majina ya waandishi wa makala ya kitaalamu. Hayo, utasema, ni mambo ya wahadhiri na vyeo vyao. Lakini ikiwa unaishi Thika au Ruiru na una mama, shangazi au dada anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi, huenda amewahi kutundikiwa dripu yenye dawa iitwayo sisplatini. Dawa hiyo ndani yake ni metali. Ni platinamu, ile ile wanayotengenezea pete za arusi wenye uwezo.

Metali hiyo haitiwi mwilini ikiwa peke yake. Chembe moja ya platinamu hukaa katikati, ikashikwa na klorini mbili na amonia mbili. Hiyo ndiyo kemia ninayoizungumzia: metali katikati, na washikaji wakiizunguka. Hata katika damu yako chuma hushikwa namna hiyo, na ndicho kinachobeba hewa ya oksijeni unayovuta. Ajabu ya sisplatini ni kwamba klorini zote mbili lazima zikae upande mmoja. Zikikaa pande mbili zinazoelekeana, vitu ni vile vile, hesabu ni ile ile, lakini dawa haiponyi saratani.

Sasa tazama historia yake. Chumvi hii ilitengenezwa mwaka 1845 na Mwitaliano, Michele Peyrone. Mwaka 1893 Alfred Werner, aliyefundisha Zurich, alieleza jinsi metali inavyoshikwa na hao washikaji wake, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Lakini hakuna mgonjwa aliyefaidika na chumvi ya Peyrone kwa zaidi ya miaka mia moja. Ndipo Barnett Rosenberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walipopitisha umeme katika maji yenye bakteria na kuona jambo la ajabu: bakteria waliacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Umeme haukuwa na hatia. Platinamu ilikuwa imemeguka kutoka kwenye vyuma vya kupitishia umeme na kuingia majini.

Makala yao yalitoka mwaka 1965 yakiwa na majina matatu: Rosenberg, Loretta Van Camp na Thomas Krigas. Mwaka 1969 walipotangaza kwamba dawa hiyo inapunguza uvimbe wa saratani katika panya, jina la Van Camp lilikuwa la pili tena. Rosenberg alikuwa mtu wa fizikia, na Van Camp ndiye aliyekuwa na mikono ya maabara. Mwaka 1978 dawa ikapewa kibali Marekani, na mwaka 1999 taasisi ya saratani ya huko ikawahimiza madaktari waitumie pamoja na miale kutibu saratani ya mlango wa kizazi.

Nimekueleza haya ili uone jinsi mizani ya siku hizi ilivyo ya ajabu. Mwaka 2005 mtaalamu wa fizikia, Jorge Hirsch, alibuni kipimo kiitwacho h. Mhadhiri mwenye h ya kumi ana makala kumi ambayo kila moja limetajwa na wataalamu wengine mara kumi au zaidi. Kipimo hicho hakiulizi nani alikesha maabara na nani alitia sahihi tu. Jina la kwanza na jina la ishirini hupata alama sawa. Mwaka 2015 makala moja ya fizikia yalitoka na majina zaidi ya 5,000, na kila mmoja kati yao akaweza kuyahesabu kuwa yake!

Hapa kwetu, mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka vigezo vya pamoja vya kuajiri wahadhiri na kuwapandisha vyeo, na makala ya majarida yakapewa alama. Nia ilikuwa njema. Kabla ya hapo kila chuo kilikuwa na mizani yake, na kujuana kulikuwa na nguvu. Lakini ukishamwambia mtu kwamba atapimwa kwa idadi, atakuletea idadi. Utafiti mmoja utakatwa vipande vitatu. Jina la mkubwa litabandikwa juu ya kazi ambayo hakuigusa, na majarida yanayochapisha chochote mradi yamelipwa hayatakosa wateja. Simtaji mtu wala chuo, kwa sababu ugonjwa huu umeenea dunia nzima. Lakini njia hii yetu, kutoka Kahawa hadi Juja na Thika, ina vyuo vikuu vingi kuliko sehemu nyingi za nchi. Sisi tunaoishi kandokando yake tuna haki ya kuuliza.

Katika kemia ya metali ujanja huo ni rahisi mno. Unachukua shaba, kesho zinki, keshokutwa kobalti, unaishikisha kitu kile kile, unamwagia bakteria katika sahani ya maabara, wanakufa, unaandika. Kila metali, makala yake. Lakini, msomaji wangu, siki pia huua bakteria katika sahani. Kazi ngumu ni ile inayofuata: je, dawa hiyo inaharibu figo? Inatoka mwilini kwa njia gani? Sisplatini yenyewe ilikaribia kuachwa kwa sababu ya kuharibu figo, hadi madaktari wa miaka ya 1970 walipoanza kumjaza mgonjwa maji kabla na baada ya dawa. Ndiyo sababu mgonjwa wako anakaa na dripu saa nyingi. Kujua mambo kama hayo huchukua miaka, na miaka hiyo haina alama nyingi.

Na tusisahau wale wasiotajwa kabisa. Si siri kwamba katika vyumba vya kupangisha vya Ruiru, Juja na kwingineko wako vijana werevu, wenye digrii na wasio na kazi, wanaowaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo, hata wanafunzi wa uuguzi. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, aliwafuatilia katika filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars. Wengi huwalaumu vijana hao. Mimi naona lawama iwaendee kwanza wanunuzi, kwa maana muuguzi aliyenunua insha kuhusu vipimo vya dawa ndiye atakayeshika sindano.

Kuna mfano mwema hapa hapa Ruiru. Wazee waliolima kahawa wanakumbuka kunyunyiza dawa za shaba msimu baada ya msimu, wakipigana na ugonjwa wa chulebuni. Watafiti wa kituo cha kahawa walifanya kazi zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1985 wakatoa aina inayostahimili ugonjwa huo, mkulima akapunguza kunyunyiza. Iliitwa Ruiru 11. Haina jina la mtu. Sijui ni kamati gani ya leo ingemvumilia mhadhiri anayesema, "Ngojeni miaka kumi, kahawa inakua."

Ubaya wa kuamini karatasi kwa sababu tu ni karatasi unaonekana sana katika biashara ya "kusafisha mwili". Kweli zipo dawa zinazoishika metali na kuitoa mwilini kwa mkojo, nazo hutumika hospitalini kutibu sumu ya risasi, sumu ambayo watu wa Owino Uhuru kule Mombasa wanaijua vizuri. Lakini kati ya mwaka 2003 na 2005 watu watatu, wawili wao watoto, walikufa Marekani walipotibiwa hivyo, kwa sababu kalisi ya damu ilishuka mno. Ziko dawa mbili zenye majina yanayokaribiana sana. Moja imeshika kalisi tayari. Nyingine haijaishika, basi huinyakua kutoka kwenye damu, na moyo ukasimama.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha fotokopi ya utafiti ili akuuzie dawa, usihesabu majina ya maprofesa yaliyo juu. Muulize: ilijaribiwa kwa binadamu au katika sahani? Wangapi, na kwa muda gani? Aliyeandika ndiye anayeuza? Akianza kukasirika, umeshajibiwa.

Kwa vyuo vyetu nina ombi. Wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver mwaka 1978 walianzisha kanuni ambazo leo zinasema mwandishi ni yule aliyechangia kazi, akashiriki kuiandika, akaidhinisha nakala ya mwisho na yuko tayari kuitetea. Ni kanuni nzuri, ingawa naona zinamwonea fundi wa maabara ambaye hakuombwa kuandika. Afadhali ile orodha ya kazi 14 ambayo majarida mengi hutumia sasa, inayoeleza nani alibuni, nani alipima, nani alitafuta pesa na nani aliandika. Kamati za vyeo ziidai kwa kila makala, kisha zisome matatu yaliyo bora badala ya kuhesabu thelathini.

Na ikiwa una kijana anayesomea uzamili au uzamifu katika maabara yoyote ya njia hii, mwambie azungumze na msimamizi wake kuhusu majina mapema, kabla makala hayajapelekwa kwa jarida, na aweke makubaliano hayo kwa maandishi.