Unapouza Mboga, Unauza na Rutuba ya Shamba

Mkulima wa skimu, mboga za majani ni mali nzuri kwa mwenye shamba dogo. Sukuma wiki huanza kuchumwa wiki 6 mpaka 8 baada ya miche kuhamishwa, na terere hung'olewa ikiwa changa baada ya wiki 3 au 4 tu. Fedha huingia upesi. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: kila gunia la mboga linaloondoka kwenda sokoni huondoka na chakula cha udongo. Usipokirudisha, msimu kwa msimu majani yatakuwa madogo na ya manjano, na mnunuzi atakwenda kwa jirani.

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wengi wa wazee wetu waliopata mashamba waliweza kulima sehemu moja na kuiacha nyingine iwe malisho. Siku hizi mashamba mengi yamegawiwa watoto na wajukuu, na kipande kile kile hulimwa kila msimu. Udongo usiopumzika sharti ulishwe.

Katika jambo hili wako wakulima wa namna mbili. Wa kwanza husema kwamba mbolea ya dukani huharibu shamba, basi hawatii kitu chochote. Wa pili huinunua na kuitawanya bila kipimo, wakidhani kwamba mbolea nyingi ni mavuno mengi. Maoni yetu ni kwamba wote wawili wanapata hasara. Njia iliyo bora ni kuanza na samadi, kisha kuongeza mbolea ya dukani kwa kipimo, na kuandika hesabu.

Kwanza, samadi. Ikiwa una ng'ombe hata mmoja, una mbolea. Lakini samadi iliyoachwa wazi kwenye jua na mvua hupoteza nguvu: naitrojeni hupanda hewani na nyingine huchukuliwa na maji. Mtandikie ng'ombe majani makavu yanywe mkojo wake, maana mkojo una naitrojeni nyingi. Lundika samadi hiyo kivulini, uifunike, uigeuze mara kwa mara, uiache iive kwa muda wa miezi 3 hivi. Samadi mbichi huunguza miche na huleta magugu. Iliyoiva utie viganja viwili katika kila shimo la sukuma wiki. Kwa terere, itandaze kitaluni na kuichanganya na udongo kabla ya kupanda, kwa kuwa mboga hiyo haikai muda wa kungojea.

Pili, mbolea ya dukani. Ukipanda sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, robo ekari huchukua miche 3,700 hivi. Miche ikishika vizuri, kila mche hupewa CAN kizibo kimoja cha soda, yaani gramu 5 hivi. Jumla ni kilo 18 na nusu. Basi gunia moja la kilo 50 hutosha robo ekari mara mbili na kubakia. Itie wakati udongo una unyevu, kando ya shina, isiguse majani, kisha uifukie. Na usibadilishe CAN kwa urea ukatumia kipimo kile kile: gunia la kilo 50 la CAN lina naitrojeni kilo 13 hivi, lakini la urea lina kilo 23.

Angalia pia uchachu wa udongo. Kutumia DAP miaka mingi mfululizo huongeza uchachu, na udongo mchachu hushikilia fosfeti hata mizizi isiipate. Hapo unaongeza mbolea na mazao hayaongezeki. Kabla ya kununua gunia jingine, pima udongo wako. Maabara ya KALRO iliyoko Kabete hufanya kazi hiyo, na afisa wa kilimo wa wadi yako ataweza kukuonyesha namna ya kuchukua udongo wa kupimwa. Ikionekana kwamba unahitaji chokaa, nunua chokaa kwanza.

Tatu, hesabu. Tuseme mbolea ya kutia mara moja imekugharimu shilingi 1,200, nawe unauza kifungu kwa shilingi 10. Sharti mbolea hiyo ikuletee vifungu 120 zaidi ndipo fedha zako zirudi. Kifungu cha 121 ndicho mwanzo wa faida. Utajuaje? Acha mistari miwili bila mbolea ya dukani, na miwili iliyo sawa nayo uitilie. Hesabu vifungu vya kila upande kila unapochuma, uviandike katika daftari. Mwisho wa msimu hutahitaji kuuliza mwenye duka wala jirani. Shamba lenyewe litakuwa limekujibu.

Kumbuka kwamba mwenye duka hupata faida yake siku unaponunua gunia. Faida yako wewe hungoja sokoni, nayo hutegemea kipimo. Basi anza wiki hii: funika lundo la samadi kabla mvua haijainyeshea, na ununue daftari.