Tunga, Kisha Useme Wimbo Ulitoka Wapi

Wanafunzi wa muziki nchini hugawanyika kambi mbili wakikaribia kumaliza. Wa kwanza wanasema: mimi ni msanii bana, niacheni nitunge, mambo ya kuandika kurasa mia ni ya watu wa historia. Wa pili wanaandika hizo kurasa mia kuhusu isukuti, zinapigwa chapa na kujaladiwa vizuri, lakini ukiwaambia waitikie mstari mmoja tu, wanakohoa.

Nasema wote wawili wasipewe shahada bado. Anayetaka kuitwa mhitimu wa muziki atunge wimbo uimbwe mbele ya watu, halafu aandike kuhusu uimbaji uliomfundisha kuutunga. Moja bila nyingine ni nusu ya kazi.

Chukua isukuti yetu ya Waisukha na Waidakho. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. Wanaume safu yao, wanawake yao. Anayeongoza anaimba maneno yanayofuata mdundo na hatua za wachezaji, na maneno hayo hubadilika kulingana na shughuli. Harusini anasema haya, matangani anasema mengine. Sasa wewe umeketi na karatasi ya noti, unaupanga wimbo huo kwa sauti nne. Noti zitakuambia sauti ipande wapi. Hazitakuambia kwa nini kiongozi alinyamaza ghafla, ama kwa nini alimtaja marehemu kwa jina la ukoo. Ukitunga ndipo unagundua umepoteza nini njiani. Ukiandika ndipo unakiokoa.

Halafu kuna jambo la haki. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na kwaya za shule na vyuo zimepanda jukwaani na nyimbo za kienyeji miaka nenda miaka rudi. Kwenye karatasi kuna jina la aliyeupanga wimbo. Je, aliyemfundisha? Hata wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa 1963 na kamati ya watu watano, uliazima sauti ya akina mama Wapokomo wakibembeleza watoto. Wangapi kati yetu tunaouimba tumesimama wima tunawakumbuka wale mama? Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuna aliyeandika kwamba yupo. Insha ya mtunzi ndiyo mahali pa kusema: wimbo huu nilifunzwa na fulani, akakubali niutumie, na hiki ndicho nilichobadilisha.

Kuna wanaojigamba ati UNESCO iliitambua isukuti mwaka 2014. Ni kweli. Ila soma jina la orodha yenyewe: urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hilo si kombe, hiyo ni wodi ya wagonjwa mahututi. Wanaoijua vizuri wengi wamezeeka, na warithi ni wachache. Ukitoka Kakamega kwenda kusomea muziki, iwe Maseno hapo karibu ama Kenyatta huko Nairobi, miaka minne inatosha mzee mmoja kwenda na nyimbo zake zote.

Najua pingamizi. "Utunzi haupimiki." Kwani majaji wa tamasha hufanya nini kila mwaka, kupiga ramli? Wanasikiliza, wanatoa alama, wanaeleza sababu. "Wasanii hawajui kuandika." Basi wafunzwe, si ndiyo maana wanalipa karo? George Senoga-Zake alikuwa mmoja wa wale watano wa wimbo wa taifa, na ni yeye aliyechapisha kitabu kuhusu muziki wa kienyeji wa Kenya mwaka 1986. Mkono uleule ulitunga na kuandika, na hakuna aliyemwambia achague.

Nikubali pingamizi moja tu: kazi mbili ni nyingi kwa mwaka mmoja. Sawa. Punguzeni kurasa. Insha ya kurasa ishirini iliyoandikwa na mtu anayejua kuimba anachokieleza inanitosha kuliko mia moja zilizonakiliwa kutoka kwa tasnifu ya mwaka juzi.

Na turuhusiwe kuiandika kwa Kiswahili. Sababu si uzalendo wa kujionyesha. Mtu anayefaa kuikagua insha hiyo kwanza si profesa. Ni yule kiongozi wa isukuti kule Shinyalu ama Ikolomani. Asomewe ukurasa kwa ukurasa, kisha aimbiwe huo wimbo mpya. Akisema "hapa umedanganya", rudi ukarekebishe. Akiitikia, nenda kachukue joho lako.