Rambirambi Haimtibu Mtu

Katika sharika zetu za Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju, daftari la rambirambi hujaa kabla jeneza halijafika. Kadi za michango ya harusi nazo hazikosi wapokeaji. Lakini akitajwa mgonjwa wa saratani, jina lake husomwa kwenye maombi, kisha ibada inaendelea. Tunasema wazi: huo si upendo wa Kikristo, hata ukipambwa kwa Maandiko.

Tuangalie hesabu. Matibabu ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road hutolewa siku tano kwa wiki, na mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi aweza kupangiwa mara 25. Akitoka Chamazi pamoja na anayemuuguza, wakapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, hizo ni nauli 200. Hapo hatujahesabu chakula, vipimo, wala siku ambazo anayemuuguza hakufungua genge lake. Bima hailipi daladala. Wengi hawakatizi matibabu kwa kukosa imani. Hukatiza kwa kukosa nauli. Na mionzi ikikatizwa, saratani hupata nafasi ya kukua tena.

Wako wanaosema hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, serikali ina wajibu wake, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tudai itekelezwe kikamilifu. Lakini kudai si sababu ya kufunga mkoba. Wengine husema kanisa si hospitali. Basi wakumbuke kwamba KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Waliochagua jina hilo waliusoma mfano ule hadi mwisho.

Maana wengi huishia kwenye mafuta na divai. Bwana Yesu anaendelea: Msamaria alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, kesho yake akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa chochote kitakachozidi. Hakuuliza kabila wala dhehebu. Hakungoja mtu afe ndipo atoe. Kuhani na Mlawi nao walikuwa watu wa sala. Walichokosa ni huruma.

Kwa hiyo tunataka kila usharika ufanye haya. Mnada wa baada ya ibada, Jumapili moja kila mwezi, uwe wa nauli za wagonjwa. Kila kamati ya harusi itenge sehemu ya kumi. Jumuiya zipange zamu za kumsindikiza mgonjwa, na wenye vyumba karibu na mjini wawapokee wanaotoka mbali. Fedha zipitie kwa diakonia, kimyakimya, ili mgonjwa asisimamishwe mbele ya watu kuomba.

Fedha inayofika makaburini imechelewa. Tumchangie mwenzetu angali hai, angali anaweza kuitikia amina pamoja nasi.