Kupokelewa kwa Ombi Si Kufutwa kwa Usajili

Mwanafunzi anapoingia chuo kikuu nchini Kenya hupokewa kwa barua. Humo mna jina lake, kozi, karo na tarehe ya kuripoti. Anapolazimika kuondoka, iwe ni kwa ufukara, ugonjwa au kupata nafasi kwingineko, hujaza fomu, akaizungusha maktabani, bwenini na katika ofisi ya fedha ili itiwe saini, kisha akaambiwa aende nyumbani. Aghalabu mambo huishia hapo. Barua ya kumthibitishia kuwa usajili wake umefutwa haiji.

Wapo watakaodai kuwa hilo ni jambo dogo la makarani. Si dogo. Jina linalosalia orodhani laweza kuendelea kudaiwa karo ya muhula ambao mwenyewe hakuhudhuria darasa hata moja. Isitoshe, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, haufutiki kwa kuacha masomo. Mkopaji anahitaji ushahidi wa siku aliyokoma kuwa mwanafunzi. Na chuo kingine kikimtaka athibitishe kwamba hajasajiliwa kwingine, ataonyesha nini? Nakala ya fomu aliyoijaza mwenyewe?

Jibu linalotolewa dirishani, ikiwa litatolewa, ni kwamba ombi "linashughulikiwa". Mwanafunzi wa sarufi anaijua kazi ya kiambishi -na- katika kauli hiyo: tendo lingali linaendelea, na mwisho wake hautajwi. Laweza kuendelea wiki mbili au miaka miwili, na karani asiwe amesema uongo. Ombi "limepokelewa" nalo lina -me- ya hali timilifu, ila kilichotimia ni kupokea tu. Kauli anayostahiki mwanafunzi ni kuwa usajili wake umefutwa tangu tarehe fulani, tena kwa maandishi. Na iwe ni kufutwa, si kuahirishwa, maana anayeahirisha masomo bado anahesabiwa kuwa mwanafunzi. Wanaoyachanganya maneno haya mawili hugundua kosa lao wakiwa wamechelewa.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka, za ufanisi na za haki, na mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kukitekeleza. Kifungu cha 7 nacho kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, barua za wasajili huandikwa kwa Kiingereza, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hutafsiriwa na mtoto yuyo huyo anayeacha masomo.

Barua yenyewe haihitaji kuzidi mistari sita: jina, nambari ya usajili, kozi, tarehe ambayo usajili ulikoma, salio au deni la karo, na saini ya msajili. Idara za Kiswahili, ambazo hufundisha uandishi wa barua rasmi, zingeweza kuiandaa kwa alasiri moja na kumpelekea msajili.