Betri kwanza, roboti baadaye
Kwa kijana wa Ruashi, mjini Lubumbashi, anayeanza kujifunza roboti, naona mlango si roboti ya kununua bali betri ya volti 9, rezista, taa ya LED na kipimo cha umeme. Taa nyekundu hutumia takriban volti 2, zinabaki 7. Ukitaka mkondo wa ampea 0.02, gawanya 7 kwa 0.02: rezista iwe omu 350. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayookoa bodi ya Arduino, ile ya kuendeshea roboti, isiungue. Mtu atasema roboti ndiyo inayovutia vijana. Kweli, lakini hata roboti za barabarani za mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, zilizoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013, zilikuwa zikila umeme wa jua: asiyejua kupima mkondo hangejua kwa nini zimezimika.