KLABU NA KILABU: RUBISI NI ILE ILE, ILA HUKU UNAITWA MSTAARABU KULE UNAITWA MLEVI!

Wadau, nyie mnaoshinda mtandaoni mkilaiki picha za nyumbani Bukoba, hii inawahusu. Pale Rwamishenye, si mbali na barabara kuu, kuna klabu moja ya watu wanaojiweza. Jina halitatajwa, ila wenyeji wakisoma mpaka mwisho watajua ni ipi na watacheka chini chini. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanafanya jioni ya kuonja: bia za aina aina, waini na misosi. Kiingilio 30,000. Unapendeza, unakaribishwa na taa za rangi na muziki wa chini, halafu anakuja dada anakuuliza utaanza na nyekundu au nyeupe.

Mpaka hapo haina noma. Mtu akila bata kwa hela yake, hiyo ni juu yake na mke wake.

Shida ilianza mabosi wa klabu walipoamua kuweka usiku wa Kihaya. Waini ya Afrika Kusini ikabaki, bia zikabaki, katikati ikaingizwa rubisi, senene kwenye visosi vidogo, ndizi za kupika na sato wa ziwani. Wazo zuri sana. Kwa kweli lilichelewa, maana ilikuwa aibu watu kukaa Bukoba wanasifia zabibu za Cape Town na nyuma ya ukuta migomba imejaa.

Sasa rubisi inakuja kwenye glasi ya waini, ile yenye mguu mrefu, imejaa nusu. Mtu anaizungusha. Anainusa. Anafumba macho, anasema anasikia moshi kidogo na asali kwa mbali. Jamani! Baba yake alikuwa anainywa kwenye kibuyu kwa mrija na hakuwahi kufumba macho hata siku moja. Dada mmoja mwenye wafuasi wengi, yule wa nywele za dhahabu, kajirekodi akinywa kama vile kaigundua yeye. Video imepata laiki hatari.

Haya, toka hapo nje, tembea dakika kumi. Kuna kilabu. Ki-la-bu. Tofauti ni herufi moja. Mabenchi ya mbao, bati lenye kutu, mama muuzaji anapima kwa kikombe cha plastiki, wazee wanabishana kuhusu Kagera Sugar na matokeo ya Kaitaba. Wanakunywa rubisi. Hawa wakirudi nyumbani wanayumba wanaitwa walevi, wavivu, watu walioshindwa maisha. Wale wa klabu wakirudi wanayumba wanaitwa wapenzi wa utamaduni.

Na hapa ndipo panapochekesha: rubisi ya kilabu na ya klabu imetoka kwa mzee mmoja. Mzee ni wa upande wa Muleba, anapakia madumu kwenye boda asubuhi, analeta mjini. Dumu moja linashuka kwa mama wa kilabu, mawili yanapelekwa klabu kupitia mlango wa nyuma.

Tupige hesabu ya darasa la nne. Dumu la lita 20 klabu inalichukua kwa 15,000. Glasi yao ni robo lita kasoro, tuseme mililita 200. Dumu linatoa glasi 100. Glasi moja inauzwa 3,000. Hiyo ni laki tatu kwa dumu moja, laki sita kwa mawili. Mzee anarudi Muleba na 30,000, atoe humo nauli ya boda na hela ya vijana waliomsaidia kazi. Yaani pato zima la mzee kwa usiku ule ni sawa na kiingilio cha mgeni mmoja.

Wapo watakaosema biashara ni biashara, kwani nani kamlazimisha? Ni maneno ya mtu ambaye hajui rubisi inatengenezwaje, na inafaa aelezwe taratibu.

Kwanza unakata ndizi za pombe, unaziivisha shimoni zikiwa zimefunikwa majani ya mgomba, siku nne, tano, mpaka sita kutegemea joto. Unazimenya, unaziweka kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, unakanyaga na nyasi mpaka juisi ijitenge. Hiyo kazi kwa Wahaya tangu zamani ni ya wanaume, na si ya mchezo, miguu inaijua. Unachuja, unaongeza maji kwa kipimo, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika kwa majani, unaiacha usiku kucha. Kesho yake ni rubisi. Ukiiacha siku mbili tatu mbele inachachuka, inakuwa kali kama siki, hakuna anayeitaka.

Umeelewa sasa? Waini inaweza kukaa stoo miaka ikimsubiri mnunuzi. Rubisi haina muda huo. Mzee akishafika Rwamishenye na madumu mawili saa sita mchana, hana pa kwenda nayo. Bosi wa klabu anajua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana bei anaitaja yeye na hajawahi kupandisha. Mzee hajafungwa kamba, kweli. Kafungwa na saa.

Na ndizi zenyewe siku hizi hazipatikani kama zamani. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, ukaanzia hukohuko Muleba, ukafyeka mashamba watu wakalia kama msibani. Mpaka leo mkulima anatakiwa akate ua la mgomba mapema, asafishe panga kwa moto au dawa kila anapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na mgomba ukiugua aung'oe azike. Hayo yote yako ndani ya ile nusu glasi. Anayefumba macho hayasikii, anasikia asali.

Turudi ndani ya klabu, maana kuna kituko. Siku ile mshereheshaji, kijana msafi wa suti ya bluu, alisimama kuelezea historia ya rubisi. Akasema inatokana na mtama. Akasema inakanyagwa na akina mama wakiimba. Wageni wakapiga makofi. Mzee alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kashika kofia, anasubiri hela yake tangu saa kumi na moja jioni. Kasikia yote. Mhudumu mmoja akamwambia kwa heshima zote, "Waitu Ta, subiri kidogo, bosi anakuja." Waitu Ta! Heshima ya mdomoni ipo, kiti hakipo.

Bosi alivyokuja hakuja na hela. Alikuja na mpiga picha. Mzee akapewa kibuyu ambacho si chake, akaambiwa acheke, akapigwa picha tatu, akarudishwa jikoni. Asubuhi picha ikapanda mtandaoni na maneno matamu kuhusu urithi wa mababu. Jina la klabu lipo. Jina la mpiga picha lipo. Jina la kampuni ya waini lipo. Aliyetengeneza rubisi kaitwa "mzee wetu". Mzee wenu nani? Ana jina na ana ukoo. Huko kwake watoto wanapiga magoti kumsalimia.

Halafu wanajisifu wameleta utamaduni wa kuonja! Kuonja hawakuleta wao. Kwa Wahaya pombe ilipoiva mwenye nyumba hakujifungia nayo. Majirani waliitwa, wakubwa wakapewa fungu lao, mababu waliokufa wakakumbukwa, na enzi za Omukama kulikuwa na sehemu yake pia. Mchumba hakupelekwa kwao mikono mitupu, kibuyu kilitangulia. Watu walionja, wakasema wazi hii imekolea au hii umeiharibu maji, na aliyeitengeneza alikuwa amekaa palepale anasikia kwa masikio yake, anajibu na kutaniwa. Hiyo ndiyo jioni ya kuonja. Kilichofanyika Rwamishenye ni kumtoa mtengenezaji na kubaki na glasi.

Senene nao wana stori yao. Mwezi wa 11 na wa 12 wakishuka, kazi ya kuwakamata na kuwatoa mabawa ilikuwa ya wanawake, na kwa mila za zamani wao hawakuwala, waliwatengea waume. Leo mambo yamebadilika, dada zetu wa Kihaya wanatafuna senene kama karanga na hakuna wa kuwauliza. Sasa kama hiyo mila ngumu imevunjika, hii mpya ya anayetengeneza kula jikoni inaanzishwa na nani, na kwa faida ya nani?

Tuseme ukweli upande wa pili pia, maana hapa hakuna anayetetea ulevi. Pombe imebomoa nyumba nyingi Kagera. Kuna wanaume wanaamkia kilabuni, shamba anabaki nalo mke. Kuna gongo, ile wenyewe wanaiita enkonyagi, ambayo ina sheria yake tangu mwaka 1966 na bado inapikwa porini. Viroba vilivyopigwa marufuku Machi 2017 vilikuwa vinamaliza vijana, na waliolia walikuwa wauzaji. Yote hayo ni kweli. Lakini ukali huo mbona unaishia kwenye mabenchi ya mbao? Kilabu kina saa zake kisheria, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iko wazi, na mama akipitiliza kidogo tu mgambo hawa hapa. Klabu saa nane za usiku muziki unagonga, na mkubwa mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza ni saa ngapi yuko meza ya mbele, kalegeza tai, anaomba aongezewe urithi wa mababu.

Kuna utetezi mmoja wa maana, huu wa usafi. Bosi wa klabu anasema hawezi kumlipa mzee kama kiwanda kwa sababu bidhaa ya mzee haina nembo ya TBS, haina chupa, haina tarehe. Sawa. Ila mbona akiiuza 3,000 hiyo nembo haihitajiki, na akiinunua ndipo inakosekana?

Isitoshe, wengine walishafanya. Arusha kuna kiwanda cha Banana Investments kinatengeneza pombe ya ndizi, kinaweka kwenye chupa, watu wananunua dukani kama bia nyingine. Vuka Mutukula uingie Uganda. Mwaka 1965 serikali yao ilitunga Sheria ya Enguli, wapikaji wakatakiwa kuwa na leseni na kuiuza kiwandani isafishwe, na huko ndiko ilikotokea Uganda Waragi inayouzwa mpaka leo. Si kwamba wapikaji wote walifaidika, wengi walibaki nje ya mlango kama huyu mzee. Ila angalau kuna siku mtu alikaa akafikiria kwamba kitu kinachotoka kwenye migomba ya mwanakijiji kinaweza kuwa na thamani ya chupa.

Klabu haiombwi kujenga kiwanda. Ina magari, ina marafiki wenye ofisi, ina friji kubwa linaloweza kuipa rubisi siku mbili za ziada. Wangekubaliana bei kabla mzee hajapakia boda, badala ya baada. Wangemlipa akishusha dumu, badala ya kumsimamisha masaa manne. Ile kazi ya kuelezea rubisi ingepewa mwenye rubisi, yule wa suti ya bluu akabaki na waini yake. Laki sita ukitoa hata laki mbili hakuna bosi atakayelala njaa Rwamishenye.

Wale mabosi wenyewe, ukiwachunguza, nusu yao wamesomeshwa na kahawa na rubisi. Baba aliuza madumu, ada ikalipwa, kijana akaenda chuo, akarudi na Kiingereza na gari nyeupe. Nshomile wa kweli kabisa! Leo anamsimamisha mlangoni mtu anayefanana na baba yake na anaona kawaida.

Jumamosi ijayo ni jioni nyingine. Oda imeshatoka, safari hii madumu matatu, maana video ya yule dada imevuta watu mpaka wengine wanatoka Mwanza. Mama wa kilabu ndiye aliyepeleka ujumbe kwa mzee, na kwa maelezo yake mzee hakukataa. Kauliza tu kiingilio ni shilingi ngapi. Alipoambiwa 30,000 akacheka, akasema basi wakate humo humo kwenye hela yake, atakuja na kibuyu chake na mrija wake, na atapitia mlango wa mbele.